Multimita imezeeka: uifungue, uiache, au ununue nyingine?

Multimita haifi siku moja. Huanza kulegea kidogo kidogo: tarakimu inapoteza kijiti kimoja, mlio unakatika ukisogeza waya, swichi ukiipeleka kwenye volti inasoma upuuzi mpaka uitikise kushoto na kulia. Mwenyewe anaizoea. "Hii yangu inataka kubembelezwa," anasema, na akimwazima mwenzake anampa na maelekezo kabisa. Mita ya namna hiyo ndiyo itakayokuja kuandika 0 kwenye waya wenye 230 V.

Watu wengi huamua kwa bei peke yake. Mita ya bei ya chipsi kuku, ya nini kuhangaika nayo? Na Fluke ya urithi, chapa ya gharama, nani atathubutu kuitupa? Bei ina nafasi yake, ila mimi naiweka ya tatu. La kwanza ni ncha za mita hiyo zitagusa nini: betri ya gari na saketi ya redio, au bodi kuu ya umeme ya jengo. La pili ni kitu gani hasa kimechakaa. Betri, nyaya, fyuzi, swichi na kioo ni vitu vya kuisha, kama matairi ya gari. Chipu, resista za mgawanyo (zinazopunguza volti kabla haijafika kwenye chipu) na bodi yenyewe ni injini. Kuna mita ya bei ya chini kabisa inayostahili nusu saa ya kazi, na kuna ya gharama inayostahili kutupwa leo.

Betri na nyaya kwanza

Mita ndogo za jamii ya DT830, zile zilizojaa madukani kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, hutumia betri ya 9 V ya mstatili, iliyoandikwa 6F22. Ndani kuna chipu ya ukoo wa ICL7106. Chipu hiyo hupata volti yake ya rejea kutoka kwenye betri, na kwenye renji (kiwango unachochagua kwa swichi) ya msingi ya milivolti 200 hulinganisha kinachopimwa na milivolti 100 za rejea. Hesabu ni ya darasa la tano: kinachoingia, gawanya kwa rejea, zidisha kwa 1000. Betri ikiwa nzima, rejea imetulia. Ikishuka chini ya takribani 7 V, kidhibiti cha ndani ya chipu kinashindwa, rejea inaanza kushuka pamoja na betri, na kwa kuwa rejea ndiyo inayogawanya, namba kwenye kioo inapanda.

Kwa hiyo betri iliyochoka haifanyi mita isome kidogo. Inaifanya isome zaidi. Rejea ikipungua kwa asilimia 10, soketi ya 230 V itasomeka 255 au 256. Fundi anamwambia mwenye nyumba kwamba umeme wa mtaa huu ni mkali, na stabilaiza inanunuliwa. Usisubiri alama ya betri kwenye kioo. Kwenye mita za bei ya chini mara nyingine huchelewa, na nyingine hazina kabisa. Toa betri, ipime kwa mita nyingine, na ikiwa chini ya 7.5 V weka mpya kabla ya kufikiria lolote. Mita hizi hula takribani milliampea 1 tu, hivyo betri mpya ikiisha ndani ya wiki moja kuna kitu ndani kinavuja, au swichi haifiki sawasawa kwenye OFF.

Baada ya betri, nyaya. Weka renji ya omu 200, gusanisha ncha zote mbili, ubane kwa nguvu. Nyaya nzuri husoma omu 0.1 hadi 0.4. Sasa, ncha zikiwa bado zimebanwa, kunja waya pale unapoingia kwenye mpini, kisha pale unapotoka kwenye plagi. Namba ikiruka hadi 3, 20, halafu ikaandika 1 peke yake upande wa kushoto (ishara kwamba kipimo kimezidi renji), nyuzi za shaba zimekatika ndani ya plastiki. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu ni wa hatari kuliko uliokatika kabisa, kwa sababu leo utapitisha na kesho hautapitisha. Usiufunge kwa tepu. Kata sentimita 5 na uulehemu upya kama ni waya wa mita ya kupimia redio tu. Kama unapima umeme wa nyumba, nunua jozi mpya.

Nyaya za bei ya chini huwa zimeandikwa 10 A huku ndani kuna nyuzi unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Zikipitisha ampea 8 kwa dakika moja unaanza kunusa plastiki. Nyaya za silikoni zenye alama ya CAT III (daraja la usalama kwa umeme wa jengo) na plagi za milimita 4 zilizofunikwa ni bora mara nyingi, na zinaweza kuhamia kwenye mita yako ijayo. Angalia kitu kimoja kabla ya kulipa: baadhi ya mita ndogo zina soketi ambazo plagi yenye koti la plastiki haizami mpaka mwisho. Ijaribu dukani.

Na kama nyaya ni nzima lakini namba bado inaruka ukizigusa, shika plagi na uitikise ndani ya soketi. Mirija ya soketi imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na kila unapochomeka plagi unaisukuma ile lehemu. Baada ya miaka inapasuka kwa duara jembamba kuuzunguka mrija, ufa ambao jicho haliuoni mpaka uupige tochi kwa ubavu. Dawa yake ni dakika 5 za pasi ya moto na lehemu mpya. Ni moja ya kasoro rahisi kabisa kutengeneza, na ndiyo inayopeleka mita nyingi jalalani bila sababu.

Ipime mita yenyewe

Sasa una betri mpya na nyaya nzima. Kabla ya kushika bisibisi, tafuta namna mita inavyokosea, kwa sababu mchoro wa makosa ndio unaokuambia kilichoharibika.

Unahitaji vitu vya kulinganishia. Mita nyingine ya kuaminika inatosha kwa kuanzia. Kikiwepo kibao kidogo cha saketi chenye chipu ya AD584, kinachotoa 2.5 V, 5 V, 7.5 V na 10 V, ni bora zaidi. Kwa upande wa omu, tafuta resista za asilimia 1: omu 100, kilo-omu 1, 10, 100 na mega-omu 1. Hizo zote zinaingia kwenye kiboksi cha kiberiti.

Mita ndogo nyingi huahidi kosa la asilimia 0.5 pamoja na tarakimu 2 za mwisho kwenye volti za DC (umeme wa betri na sola). Ukiipa 10 V kwenye renji ya 20 V, asilimia 0.5 ni 0.05 na tarakimu mbili ni 0.02, hivyo chochote kati ya 9.93 na 10.07 ni halali. Mita inayosoma 10.04 haina ugonjwa. Iache.

Ikisoma 10.40, na kwenye 5 V ikasoma 5.20, na kwenye 2.5 V ikasoma 2.60, makosa yote ni asilimia 4 kuelekea juu. Renji nyingine nazo zikikosea vivyo hivyo, mgawanyo wa resista hauna shida; rejea ndiyo imehama. Ndani kuna kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, mara nyingi kimeandikwa VR1. Chora mstari wa kalamu kuonyesha kilipokuwa, kisha kizungushe kwa nywele tu huku 10 V ikiwa imeunganishwa. Nasema hili baada ya betri kwa makusudi. Anayerekebisha mita yenye betri iliyochoka anaihamisha kwenye uongo, na siku akiweka betri mpya kila kitu kinasoma chini.

Renji moja ikikosea na nyingine zikawa sawa, hapo ni resista ya renji hiyo au mguso wa swichi. Omu zikiwa zimekufa huku volti nazo zimepotoka, kuna mtu aliweka renji ya omu na kugusa soketi ya ukutani. Kwenye DT830 mlolongo wa resista za mgawanyo una jumla ya mega-omu 1, na zile za chini kabisa, ya omu 900 na ya omu 100, hutumika pia kwenye renji za omu. Zenyewe ndizo huungua kwanza, na ukibahatika huishia hapo. Usipobahatika, chipu nayo imekwenda. Na ukibadilisha, usiweke resista yoyote uliyoikuta kwenye redio mbovu. Zile za mstari wa dhahabu zina kosa la asilimia 5. Ukiiweka moja kwenye mgawanyo, mita yako ya asilimia 0.5 imekuwa ya asilimia 5. Tafuta ya asilimia 0.5, au nunua resista kumi za asilimia 1 za thamani moja na uchague iliyo karibu zaidi kwa mita nzuri.

Kuna makosa mawili ambayo si ugonjwa, ni maumbile, na watu hufungua mita bure kwa ajili yake. La kwanza ni hiyo mega-omu 1. Mita ndogo huinyonya saketi inayopimwa. Chukua betri ya 9 V, weka resista ya mega-omu 1 mfululizo nayo, kisha pima: DT830 itasoma karibu 4.5 V, wakati mita yenye mega-omu 10 itasoma karibu 8.2 V. Kama kazi yako ni saketi zenye resista kubwa, hakuna ukarabati utakaokusaidia.

La pili ni AC, umeme wa ukutani. DT830 hupima AC kwa dayodi moja, kwa kawaida 1N4007, inayokata nusu ya wimbi, kisha mita inabahatisha kwamba wimbi ni la umeme wa kawaida. Ukipima inveta ya bei ya chini inayotoa mawimbi ya ngazi, namba itakuwa ya ajabu, na inveta haina kosa. Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, pima betri ya 9 V kwenye renji ya AC: upande mmoja utasoma karibu mara mbili ya volti za betri, ukigeuza nyaya utasoma karibu sifuri. Anayefanya kazi na inveta na sola kila siku anahitaji mita ya RMS halisi, inayopima wimbi lenyewe bila kubahatisha umbo lake. Kwake yeye jibu la kutengeneza au kununua limeshapatikana.

Kuifungua

Chomoa nyaya, zima, toa betri. Fanya kazi juu ya sinia lenye ukingo, na si kwenye mkeka. Chini ya kitufe cha kuzungusha cha DT830 kuna springi mbili na gololi mbili za chuma, ndizo zinazotoa ule mlio wa tak-tak unapobadilisha renji. Ukinyanyua bodi kwa pupa zinaruka, na gololi ya milimita 3 ikishaingia chini ya kabati, imekwenda na maji. Wakati wa kurudisha, bandika kila gololi kwa grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti ili isianguke ukigeuza.

Upande wa ndani wa kitufe utaona vijiti vya shaba vilivyopindwa kama daraja. Hivyo hukwaruza juu ya duara za shaba kwenye bodi na ndivyo vinavyochagua renji. Kwenye mita iliyozeeka grisi imekauka, imechanganyika na unga wa shaba, imekuwa tope jeusi. Tope hilo linapitisha umeme kidogo. Dalili yake unaweza kuiona hata kabla ya kufungua: weka renji ya kilo-omu 2000, nyaya zikiwa wazi bila kugusa kitu. Inatakiwa isome 1 peke yake kushoto. Ikisoma namba, 1600 kwa mfano, umeme unapita juu ya bodi. Mita zilizokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar hupata jambo hili mapema zaidi. Chumvi ya baharini inakuja na kutu ya kijani kwenye njia za shaba.

Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi zaidi, na ile iliyotiwa mafuta ya kulainisha ngozi huacha utando, ukarudi pale pale. Petroli inaharibu plastiki. Msasa usiuguse kabisa: safu ya juu ya njia hizo ni nyembamba mno, ukiikwangua umebaki na shaba tupu itakayoota kutu ndani ya miezi. Palipo na weusi sugu tumia kifutio cha penseli, kisha isopropili tena. Vijiti vya shaba vilivyolala viinue kwa kibano, kidogo tu, sawa pande zote. Kama ulilehemu kitu, safisha mabaki ya fluksi nayo, kwa kuwa yanavuja vile vile.

Kioo kinachopoteza vijiti vya tarakimu kina mtihani wa sekunde tatu. Bonyeza fremu yake kwa kidole. Vijiti vikirudi, kioo ni kizima na tatizo ni ule mpira mwembamba wenye mistari unaounganisha kioo na bodi, mafundi huuita zebra. Fluke za mfululizo wa 70 na 80 za zamani zinajulikana kwa ugonjwa huu, na wengi wamezitupa wakidhani kioo kimekufa. Toa kioo, futa mpira kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoa isopropili, futa na vidole vya shaba kwenye bodi na ukingo wa kioo, usiviguse tena kwa mkono, rudisha. Mpira ukiwa umekauka na kupinda, ugeuze upande. Doa jeusi linalosambaa kama wino ni jambo jingine: kioo kimepasuka na majimaji yake yanatembea. Kwenye mita ndogo hapo ndipo safari inapoishia.

Betri iliyovuja inatazamwa kwa rangi na aina. Alkalini huacha unga mweupe. Idondoshee siki au maji ya limau, ichemke, kisha suuza kwa maji safi na umalizie na isopropili. Betri za kaboni zina tindikali, kwazo siki haina kazi, maji na isopropili vinatosha. Ikiwa majimaji yamepanda kwenye waya wa betri, kata waya mpaka uone shaba inayong'aa. Ukikata sentimita 3 na bado ni nyeusi, badilisha kishikizo chote. Ikiwa yamefika chini ya chipu, usipoteze muda.

Fluke 8060A, iliyoanza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1980, ina tabia nyingine ya uzee: kapasita zake za elektroliti huvuja na kula njia za bodi. Anayenunua moja ya mtumba aifungue kwanza, hata kama inasoma vizuri.

Fyuzi ndiyo inayoamua

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mita nyingi "zilizotengenezwa" zinageuka mitego.

Fyuzi ya kioo ya milimita 5 kwa 20, ile ya 250 V, kwa kiwango cha kawaida imeahidi kukata ampea 35, au mara 10 ya thamani yake, ile iliyo kubwa. Zaidi ya hapo haijaahidi kitu. Sasa chukua transfoma ya mtaani ya kVA 315. Kwa 400 V, ampea zake kamili ni karibu 455. Ikiwa impidansi yake (ukinzani wake wa ndani) ni asilimia 4, shoti iliyotokea karibu nayo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 11,000. Fundi amesahau waya kwenye soketi ya ampea, akagusa fezi mbili kupima volti. Uzi wa fyuzi ya kioo unayeyuka, lakini mvuke wa chuma ndani ya kioo unaendelea kupitisha umeme kama tochi ya kulehemia. Kioo kinapasuka, bodi inawaka, na mkono uko pale.

Ndiyo maana mita za kazi nzito zina fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga. Mchanga unauzima moto. Fyuzi ya 11 A ya mita za Fluke ni ya 1000 V na inakata ampea 20,000. Ndugu yake ndogo, ya upande wa milliampea, ni ya milliampea 440, pia 1000 V. Moja ya 11 A inaweza kuwa ghali kuliko DT830 nzima, na hapo ndipo vishawishi vinapoanzia: kuna anayechomeka ya kioo, kuna anayefunga karatasi ya sigara, kuna anayelehemu waya juu. Ukifungua mita ya mtumba ukakuta kitu kama hicho, chukulia kwamba mwenye nayo aliwahi kupiga shoti, na ikague bodi yote kwa tochi.

Mita zenye soketi tofauti za ampea zina njia ya kupima fyuzi bila kufungua. Kwenye Fluke 87V, weka waya mmoja kwenye soketi ya volti, chagua omu, kisha ingiza ncha yake ndani ya soketi ya A. Fyuzi nzima itasoma chini ya omu 0.5. Ingiza kwenye soketi ya milliampea: isome karibu kilo-omu 1, kati ya 0.995 na 1.005. Ikiandika OL (kipimo kimezidi), fyuzi imekatika.

DT830 haina kinga kwenye soketi yake ya 10 A. Imeandikwa wazi kwamba haina fyuzi. Kati ya soketi hiyo na ile ya COM, ya waya mweusi, kuna kipande cha waya mnene tu. Haitengenezeki ikawa salama kwa bodi ya umeme, hata ukiipa betri mpya, nyaya za silikoni na maombi. Renji yake ya juu ya AC inaruhusu namba, muundo wake haumudu shoti.

Na sola nayo imeleta hesabu mpya. Paneli za siku hizi za wati 540 hutoa karibu ampea 14 ukiziunganisha shoti, wakati soketi ya mita inaishia 10. Paneli zikiunganishwa mfululizo, DC yake inapita 600 V kirahisi. Fundi wa sola anayekarabati mita ya 10 A ili apime paneli hizo anakarabati kitu kisichofaa kazi yake. Anahitaji mita ya kubana waya inayopima DC, yenye kiwango cha volti kinachozidi kile cha mfululizo wake.

Kwa hiyo?

Mita yoyote yenye alama ya moto kwenye bodi, masizi karibu na soketi, njia ya shaba iliyoruka au kasha lililopasuka, mimi siirudishi kwenye umeme wa nyumba, iwe ya shilingi elfu chache au ya laki kadhaa. Bodi ikishaungua inabaki na kaboni ndani yake, na kaboni inapitisha umeme. Ukiikwangua umeondoa nafasi ambayo mtengenezaji aliiacha kati ya njia moja na nyingine kwa makusudi.

DT830 na ndugu zake: betri, nyaya, lehemu ya soketi, usafi wa swichi, basi. Hizo ni kazi za nusu saa na vifaa ulivyo navyo. Chipu yake kwa kawaida iko chini ya tone jeusi la gundi, haibadilishiki. Kioo na chipu vikiharibika, nunua nyingine. Baadhi ya mita za zamani kubwa kidogo zina chipu ya miguu 40 iliyokaa kwenye kiti chake. Hiyo inachomolewa na kuchomekwa kama jino la bandia, na inastahili kujaribiwa.

Fluke na za daraja lake zinastahili kutengenezwa karibu kila mara, ilimradi bodi haijaungua: zebra, fyuzi halisi, kusafisha swichi, nyaya. Kama namba zake zitaandikwa kwenye ripoti ya kazi, ongeza gharama ya kuipeleka kupimwa usahihi wake. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, zina maabara za vipimo. Gharama hiyo ikizidi bei ya mita mpya yenye cheti, umeshajua la kufanya.

Sanwa YX-360TR ya mshale bado iko kwenye meza nyingi za mafundi redio, pamoja na nakala zake zisizohesabika. Mshale usipofika sifuri ya omu hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho, badilisha betri mbili za 1.5 V; ikishindwa kwenye renji ya x10k peke yake, ni ile ya 9 V. Mshale unaokwama katikati una vumbi la chuma kwenye sumaku, na kuutoa kunahitaji mkono usiotetemeka. Koili ikikatika, iache. Mita hizi zina faida moja ambayo ya dijitali haina: unaona mshale unavyotembea wakati kapasita inajaa. Ila kumbuka kwamba kwenye omu waya wake mweusi ndio chanya.

Unaponunua, tafuta soketi tofauti ya milliampea na ya ampea, fyuzi za kauri unazoweza kuziona kabla ya kulipa (mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma), CAT III 600 V au zaidi, RMS halisi, mega-omu 10. Kupima kapasita ni nyongeza nzuri kwa anayetengeneza feni na pampu. Alama ya CAT iliyochapishwa nje huku ndani kuna fyuzi ya kioo ya milimita 20 ni wino tu.

Ile ya zamani, kama bado ni ya kweli kwenye DC, iandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma: DC TU, CHINI YA 60 V. Ziba soketi ya 10 A kwa gundi ya moto. Itakaa kwenye gari au kwenye meza ya redio miaka mingine. Na kama haifai hata hapo, kabla ya kuitupa toa springi, gololi, mirija ya soketi, kioo na mpira wake, kishikizo cha betri, uweke kwenye kopo moja. DT830 nyingi ni mapacha kwa ndani, na siku gololi ya jirani itakaporuka chini ya kabati, kopo hilo litafunguliwa.